Enjenia asipewe diploma kabla hajajua maji yanakwenda wapi

Mvua ikianza usiku katika miji ya Kivu, kuna familia zinazojifunika na kuendelea kulala, na kuna familia zinazoamka kukusanya watoto na kupandisha godoro juu ya meza. Wanaolala wako juu ya mlima, au wana nyumba ya mawe na mtaro mzuri mbele ya mlango. Wanaoamka wako chini, mahali ambapo ule mtaro mzuri unamwaga maji yake. Mara nyingi hao wa chini ni wakimbizi wa ndani waliofika juzi, wakakuta nafasi moja tu imebaki: kando ya mto au mdomoni mwa korongo.

Watu husema ni mvua, ni mapenzi ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, ndiyo. Lakini mtaro una mtu aliyeuchora. Barabara ina mtu aliyepima upana wa bomba la kupitisha maji chini yake. Mtu huyo alisoma, akafanya mtihani, na familia yake ikamshangilia siku aliyopewa diploma. Wakaaji wa Kivu wana haki ya kuuliza: huko chuoni, alifundishwa kuangalia nani anaishi chini ya mtaro wake?

Wengi hawakufundishwa. Na hilo lazima libadilike, kwa sababu wanaolipa kosa hilo si waalimu wala wanafunzi.

Somo la pembeni

Goma, Bukavu na Butembo zina vyuo vinavyofundisha ujenzi, na vijana wanaotoka humo si wajinga. Wanajua kukokotoa nguzo na boriti, wanajua kiasi cha vyuma kinachotakiwa ndani ya betoni, wanachora kwa kompyuta hata kama umeme unakatika mara tatu kwa siku. Wazazi wao wameuza ng'ombe na mashamba ili kulipa minervali. Hakuna mwenye haki ya kuwacheka.

Kasoro iko katika mpango wa masomo. Yale yanayoitwa maendeleo ya kudumu, yaani kujenga kitu kinachowafaa watu wa leo bila kuwaharibia watoto wao, huwekwa pembeni kama somo dogo la mazingira. Mwanafunzi hukariri maana yake. Hukariri pia kwamba neno hilo lilienea duniani kutokana na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1987. Huandika yote kwenye karatasi ya mtihani, hupata pointi 14 kwa 20, kisha husahau. Kesho yake anaingia katika somo la maji au la barabara, na humo hakuna anayemuuliza tena habari hizo. Ni kama kumfundisha dereva breki siku ya mwisho, baada ya kumfundisha mwaka mzima namna ya kukanyaga mafuta.

Mfano mmoja unatosha. Kila mwanafunzi wa ujenzi hujifunza kanuni ya kukadiria maji ya mvua yatakayofika kwenye mtaro. Kanuni hiyo inataka vitu vitatu: ukubwa wa eneo, ukali wa mvua, na ile sehemu ya mvua ambayo ardhi haiinywi bali inaiacha itiririke. Hicho cha tatu hutolewa kwenye jedwali la kitabu. Kwa shamba lenye majani au msitu, huenda ikawa 2 au 3 kati ya 10. Kwa paa za manjanja na barabara ya lami, ni kama 9 kati ya 10. Katika mtihani, namba hiyo mwanafunzi hupewa tayari imeandikwa. Hapelekwi mlimani kuitafuta.

Sasa aende Bukavu. Vilima ambavyo zamani vilikuwa na migomba na miti, leo vimejaa nyumba zilizobanana, paa juu ya paa. Mtaro uliopimwa wakati mlima ulikuwa unaachilia sehemu 3 tu kati ya 10 za mvua, leo unaletewa 9. Maji yameongezeka mara tatu, na mtaro ni uleule. Hapo haihitajiki mvua ya ajabu. Mvua ya kawaida inatosha kubomoa ukuta na kuingia katika nyumba ya mama mjane saa nane ya usiku.

Enjenia aliyeandika 3 kwa 10 hakukosea hesabu. Alikosea kudhani kwamba mlima utabaki vile ulivyokuwa siku aliyoupima. Kumfundisha asidhani hivyo ndiyo kazi yote ya somo la maendeleo ya kudumu, na mahali pake ni ndani ya somo la maji, tangu ukurasa wa kwanza.

Ndivyo ilivyo pia kuhusu ile inayoitwa mvua ya miaka 10. Wakaaji wengi, na hata viongozi, hufikiri ni mvua inayokuja mara moja halafu inapumzika miaka 10. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 10 ya mvua hiyo kunyesha. Ukifanya hesabu, mtaro uliopimwa kwa mvua hiyo una nafasi zaidi ya 6 kati ya 10 ya kuzidiwa angalau mara moja ndani ya miaka 10. Enjenia anaijua hesabu hiyo. Familia inayopewa kiwanja kando ya mtaro haiijui. Enjenia afundishwe kuisema kwa Kiswahili, mbele ya watu, kabla hawajajenga. Akifanya hivyo hataingia katika siasa, atakuwa anafanya kazi yake.

Yaliyoonekana Uvira na Kalehe

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira. Uliua makumi ya watu, ukabomoa maelfu ya nyumba, na ukaharibu mtambo wa maji ya kunywa katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuusahau.

Miaka mitatu baadaye, Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, mito ya wilaya ya Kalehe ilishuka na mawe, miti na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana. Watu wengine kwa maelfu hawakuonekana tena.

Lazima isemwe wazi: hakuna enjenia ambaye angeizuia mvua ya Kalehe. Miteremko ya huko ni mikali, na miti ilikuwa imekatwa kwa miaka mingi. Lakini soko na nyumba vilikuwa mahali ambapo mto hutoka mlimani na kutandaza mizigo yake. Mahali kama hapo pana alama zake: mawe makubwa ya mviringo katikati ya tambarare, ambayo hakuna mtu aliyeyabeba. Mzee wa kijiji anaziona. Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma ardhi anaziona pia, na anaweza kuandika kwenye ramani: hapa pasijengwe shule, hapa pasiwekwe soko, hapa wasipewe viwanja watu waliokimbia vita. Yule ambaye hakufundishwa anaona tambarare nzuri, rahisi kujengwa, tena ya bei nafuu.

Goma na jiwe lenye nyufa

Goma ina fundisho lake. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Safari hiyo lava ilisimama kabla ya uwanja wa ndege, lakini iliharibu mabomba na hifadhi ya maji, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji safi. Mji una kituo chake cha kuchunguza volkano. Mwanafunzi wa ujenzi wa Goma angepaswa kuzijua ramani za kituo hicho kama anavyoijua njia ya kwenda kwao. Mji ulio chini ya volkano hauwezi kutegemea njia moja tu ya maji na kuiita akiba ya pesa.

Jiwe hilohilo la lava ndilo lililokuwa chini ya wakimbizi wa Kanyaruchinya na Lushagala, kabla kambi hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025. Aliyeishi humo anakumbuka. Choo hakichimbiki, kwa sababu jiwe ni gumu. Na pale jiwe lilipopasuka, uchafu huteremka ndani ya nyufa bila kuchujwa na udongo. Vitabu hufundisha kwamba choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji. Ni namba nzuri, kwa udongo. Lakini mwongozo wa kimataifa wa misaada, unaotoa namba hiyo, unaonya wenyewe kwamba kwenye jiwe lenye nyufa umbali unaweza kuhitaji kuongezwa. Mwanafunzi aliyekariri mita 30 bila kuuliza sababu yake ataweka choo mahali ambapo karatasi inakubali, huku kipindupindu kinapita chini kwa chini.

Mwongozo huo pia unataka choo kimoja kwa watu 20, na maji angalau lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Mama waliopanga foleni ya bidoni tangu giza wanajua namba hizo zilikuwa mbali nao kiasi gani.

Na wakati wote huo mvua ilikuwa inanyesha. Goma inapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Basi paa la shule lenye mita za mraba 300 linapokea lita 300,000 kwa mwaka. Ukitoa sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya yale yanayopotea, zinabaki lita 240,000, yaani bidoni 12,000 za lita 20. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kufanya hesabu hiyo. Kinachomhitaji enjenia ni yanayofuata: tangi la ukubwa gani litavuka kiangazi, maji ya kwanza yanayoosha paa yatamwagwa wapi, na nani atayapima maji, kwa kuwa moshi wa Nyiragongo unaweza kutia asidi na floridi ndani ya mvua. Hayo yote ni uhandisi wa kweli. Shule ngapi zimechorwa Goma bila hata mfereji mmoja wa paa?

Simenti, matofali na mlima uliokatwa nywele

Kuna upande mwingine, ule wa vifaa. Duniani kote, utengenezaji wa simenti unatoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na kazi za watu, na zaidi ya nusu ya hiyo inatoka ndani ya mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa. Mkaaji wa Goma anayejenga vyumba viwili siye aliyeichafua dunia, na mwalimu asimlaumu. Lakini simenti hiyo inafika kwa malori kutoka Uganda na Rwanda, na mpaka ukifungwa, bei hupanda na ujenzi husimama. Kutumia simenti kidogo na vizuri ni faida ya maskini kabla ya kuwa faida ya hewa.

Tofali la kuchoma nalo lina deni. Tanuri moja linakula kuni nyingi, na kuni hizo zinatoka kwenye mlima uleule unaotakiwa kushika udongo juu ya vichwa vya watu. Nyumba inajengwa kwa matofali, mlima unabaki kama kichwa kilichonyolewa, na msimu unaofuata udongo unashuka kuifuata nyumba.

Njia nyingine zipo. Kuna tofali la udongo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono, likichanganywa na simenti kidogo, bila moto. Kuna majivu ya volkano: Waroma wa kale waliyachanganya na chokaa, na jengo lao la Pantheon, mjini Roma, linakaribia miaka 1,900 likiwa bado limesimama. Goma imekalia majivu na kokoto za volkano. Ni kiasi gani chake kinaweza kuchukua nafasi ya simenti? Swali hilo linataka maabara na uvumilivu. Linatosha kwa kazi kumi za mwisho wa masomo, na kila moja ingefaa kuliko kunakili mchoro wa jengo la ghorofa nne kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka uliopita.

Sababu zinazotolewa

Wanaopinga wana sababu zao, na ni vizuri zijibiwe moja moja.

Wa kwanza wanasema: hayo ni mambo ya Wazungu. Basi wasome sheria za Kongo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa madhara kwa mazingira na kwa watu kabla ya kazi zinazoweza kuyadhuru. Enjenia ambaye hajui kufanya uchunguzi huo, hajui sheria ya nchi yake.

Wa pili wanasema: vita kwanza, mazingira baadaye. Lakini vita ndiyo inayowasukuma watu kwenye ardhi mbaya. Minova, iliyopokea maelfu ya waliokimbia mapigano, iko katika wilaya hiyohiyo ya Kalehe. Mtu aliyeokoka risasi akafa kwa matope amekufa mara mbili mbele ya watoto wake. Kwa wakimbizi, jambo hili halina baadaye. Wao wanalala chini ya mtaro usiku huu.

Wa tatu wanasema: watu wengi wanajenga bila enjenia, fundi anatosha. Ni kweli kwamba nyumba nyingi zinajengwa na mafundi. Lakini barabara, daraja, shule, hospitali na mtaro mkubwa vina saini ya enjenia, na fundi huiga kile anachokiona kwenye kazi hizo kubwa. Kama kazi ya serikali inamwaga maji kwa jirani, fundi atajifunza kwamba ndivyo inavyofanywa.

Wa nne wanasema: vyuo havina pesa wala vifaa. Maabara ni ghali, hilo halibishaniwi. Lakini kutembea ni bure. Mwalimu mwenye kamba, bomba la plastiki lenye maji la kupimia usawa, na saa ya simu anaweza kupima mwinuko wa mtaro na kasi ya maji yake. Anaweza kuwapeleka wanafunzi 30 wakati wa mvua, kuanzia juu ya mlima hadi ziwani, wakiufuata mtaro mmoja tu. Watarudi wameloa, na hawatausahau.

Na kuna sababu ya tano, ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Enjenia kijana anajua vizuri bomba linatakiwa liwe la mita moja, lakini mwenye kandarasi anamwambia aweke la nusu mita, na pesa iliyobaki iende njia nyingine. Ni kweli, na kosa hilo si la kijana peke yake. Lakini hata hapo chuo kina kazi. Kimfundishe kuandika barua ya kukataa, kuweka nakala yake, na kujua ni nani wa kumpelekea. Kijana asiyefundishwa kusema hapana atasema ndiyo hadi siku ukuta utakapoanguka, na siku hiyo ataachwa peke yake.

Maswali manne kabla ya diploma

Dawa haihitaji somo jipya wala jengo jipya. Inahitaji kila kazi ya mwisho wa masomo ya ujenzi, iwe ya barabara, daraja, nyumba au maji, ijibu maswali manne.

Maji yatakayotoka kwenye kazi hii yanakwenda wapi? Nani anaishi huko yanakokwenda? Nani ataisafisha na kuitengeneza katika mwaka wa 10, na kwa pesa ya nani? Vifaa vyake vimekula nini, simenti kiasi gani, kuni kiasi gani, kutoka mlima gani?

Anayejibu kwa maneno matupu asifaulu, hata kama nguzo zake zimekokotolewa vizuri namna gani. Swali la tatu lina uzito wake, kwa sababu mtaro haufi kwa mvua tu. Unakufa kwa chupa na mifuko. Wakaaji hulaumiwa kwamba hawafanyi salongo, na wakati mwingine wanastahili lawama hiyo. Lakini mtaro uliofunikwa kwa betoni nzito isiyoinuka, bila mlango wa kuingiza koleo, salongo itausafisha kwa njia gani? Aliyeuchora hakufikiria kwamba kuna siku mtu atahitaji kuusafisha.

Na siku ya kutetea kazi hiyo, mbele ya waalimu, kiwekwe kiti kimoja zaidi. Akalie mkaaji wa mtaa wa chini: mama anayeuza makala kando ya mtaro, au baba aliyetoka kambini na sasa amepanga chumba bondeni. Hahitaji kujua hesabu. Aruhusiwe kuuliza swali moja tu: mvua ikija, nyumba yangu itakuwaje? Mwanafunzi asiyeweza kumjibu akaelewa, bado hajaielewa kazi yake mwenyewe.

Familia zilizohama hazihitaji kungoja mageuzi ya vyuo ili zianze kudai. Mashirika yanapokuja kupima mahali pa kuwaweka, waulize wazi: maji ya mlima ule yanapita wapi, na mawe haya makubwa yalifikaje hapa? Kama mwenye ramani anakwepa swali, wasikubali mahali hapo kirahisi. Na mzazi mwenye mtoto anayesoma ujenzi amuulize leo jioni, wakati wa chakula: mtaro wa mbele ya nyumba yetu unamwaga maji kwa nani? Kama mtoto hajui, aende akaufuate hadi mwisho, abishe hodi kwa watu wa huko chini, kisha arudi kueleza alichokiona.